Milimita Moja na Nusu

Katika ripoti iliyotolewa mwaka 1981 na madaktari wa Göteborg, Sweden, imo tarakimu moja ambayo wasomaji wengi waliipita bila kusita. Ripoti yenyewe ilikuwa nzito: miaka 15 ya kazi, wagonjwa 371 wasio na meno, taya 410, skrubu za titani 2,768 zilizopandwa mfupani. Ragnar Adell na wenzake, akiwamo Per-Ingvar Brånemark mwenyewe, walikuwa wamethibitisha jambo ambalo wakubwa wengi wa fani walikuwa wakilibeza, kwamba metali inaweza kushikana na mfupa wa taya ya mtu na kubeba meno kwa miaka mingi. Tarakimu ninayoisema ni milimita 1.5. Hicho ndicho kimo cha mfupa kilichopotea, kwa wastani, kuzunguka kila skrubu tangu kupandwa hadi mwisho wa mwaka wa kwanza wa kutafuna. Baada ya hapo mfupa ulitulia, ukawa unapungua milimita 0.1 tu kwa mwaka.

Hasara hiyo haikumtisha mtu. Kupoteza milimita moja na nusu ili mtu aliyekuwa akinywa uji miaka nenda miaka rudi atafune nyama tena, nani angelalamika? Mwaka 1986, Tomas Albrektsson na wenzake walipoandika vigezo vya kipandikizi (ndilo jina la skrubu hizo za mfupani) kilichofanikiwa, walitaka mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka, lakini hesabu ianze baada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza ukasamehewa. Wanafunzi wa meno wakafundishwa kwamba ndivyo mfupa ulivyo, ukiingiziwa kitu kigeni hurudi nyuma kidogo kisha hutulia. Kwa maoni yangu msamaha huo ulichelewesha swali lililofaa kuulizwa mapema: ni nini hasa kinachoufukuza mfupa, na kwa nini kila mara huishia karibu mahali palepale?

Brånemark hakuwa daktari wa meno. Mwaka 1952, huko Lund, alikuwa kijana anayechunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa na uboho wa sungura. Alifunga kijidirisha cha titani kwenye mfupa wa mguu ili atazame kwa hadubini damu ikipita ndani ya mnyama aliye hai. Kazi ilipokwisha alitaka kukitoa kifaa chake akitumie tena, maana hakikuwa cha bei rahisi, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekishika. Miaka 13 baadaye, mwaka 1965, Gösta Larsson akawa mtu wa kwanza kupandwa skrubu hizo. Larsson alizaliwa na kaakaa lililopasuka na kidevu kisichokamilika, na taya yake ya chini haikuwa na meno. Alizitumia skrubu zake hadi alipofariki mwaka 2006.

Utaratibu wa Göteborg ulikuwa mkali. Ufizi ulipasuliwa na kufunuliwa, mfupa ukatobolewa polepole kwa keekee inayomwagiwa maji ya chumvi, kwa kuwa majaribio ya sungura yalionyesha kwamba mfupa uliopashwa moto hadi nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu huharibika. Kisha mdomo wa tundu ulipanuliwa kwa keekee nyingine, ili kichwa cha skrubu kididimie kisizidi ukingo wa mfupa. Kifuniko kikafungwa, ufizi ukashonwa juu yake, mgonjwa akaenda zake nyumbani kusubiri: miezi 3 au zaidi kwa taya ya chini, miezi 6 kwa taya ya juu. Ndipo ufizi ulipofunguliwa tena, kifuniko kikatolewa, na kipande cha pili, ambacho hapa nitakiita shingo, kikafungwa juu ya kile cha kwanza, kipenye ufizi na kubeba meno ya bandia.

Vipande viwili vinapokutana lazima ubaki mwanya. Hata vichongwe na mashine ya namna gani, mwanya huo huwa wa mikromita kadhaa, na bakteria wengi wa kinywani hawafikishi hata mikromita mbili. Na kwa kuwa skrubu ilididimizwa, mwanya ulikuwa umekaa usawa wa ukingo wa mfupa wenyewe. Hakuna aliyeupanga uwe pale. Walichopanga ni kuizika skrubu isiguswe na mate wala chakula wakati mfupa unaponya. Mahali pa mwanya palifuata tu.

Wakati Göteborg wakizika, Bern walikuwa hawaziki. Profesa André Schroeder wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alianza kushirikiana katika miaka ya 1970 na Taasisi ya Straumann ya Waldenburg, kampuni iliyokuwa na uzoefu wa metali za saa na baadaye wa vyuma vya kuungia mifupa iliyovunjika. Mwaka 1976 alichapisha picha za vipande vyembamba vya mfupa zilizoonyesha mfupa umegusana na titani bila utando katikati. Kipandikizi cha Bern kilikuwa na shingo yake ndani ya kipande hichohicho: sehemu ya chini yenye ngozi ya kukwaruza ikaingia mfupani, na juu yake milimita 2.8 za titani laini inayong'aa, zikapita kwenye ufizi tangu siku ya kwanza. Maungio na jino la bandia yalikuwa juu, mbali na mfupa. Kambi hizi mbili zilibishana kwa miaka kuhusu kuzika au kutozika. Ukisoma mabishano yao leo unaona kwamba wote walikuwa wakitazama ufizi umefungwa au uko wazi, ilhali tofauti iliyokuja kuwa na uzito ni umbali kati ya maungio na mfupa.

Huku kliniki zikaendelea kuhesabu. Skrubu ya Brånemark ina faida moja kwa mpimaji: hesi zake zimeachana kwa milimita 0.6, kwa hiyo picha ya eksirei ina rula yake ndani. Unahesabu hesi zilizobaki juu ya mfupa, unazidisha, umepata jibu. Daktari aliyepiga picha ya mgonjwa wake mwaka mmoja baada ya kumfungia meno aliona jambo lilelile kila siku. Mfupa ulioikumbatia skrubu hadi kichwani sasa umeshuka na kusimama karibu na hesi ya kwanza, na pande zote za shingo umechimbika mfano wa bakuli.

Washukiwa walikuwa wengi. Wako waliolaumu joto la keekee. Wengine walilaumu kufunuliwa kwa utando unaoufunika mfupa, ambao hubeba damu yake. Wahandisi walipenda kulaumu nguvu za kutafuna, kwamba shinikizo hujikusanya kwenye hesi za juu na mfupa unachoka. Wengine waliitazama ile titani laini ya shingoni, ambayo mfupa hauna pa kuishikia. Hadi mwaka 2002 bado kulikuwa na haja ya Tae-Ju Oh, Carl Misch, Hom-Lay Wang na mwenzao kuandika makala ndefu ya kuchambua lipi katika hayo ni sayansi na lipi ni hadithi.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka San Antonio, Texas. Mwaka 1997 Joachim Hermann, David Cochran na wenzao, Daniel Buser wa Bern akiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio walilolifanya kwa mbwa watano wa kuwinda mbweha. Walipanda vipandikizi 59 vya namna sita. Vingine vilikuwa vya kipande kimoja, visivyo na mwanya kabisa karibu na mfupa. Vingine vilikuwa vya vipande viwili, na hivyo vilipandwa kwa vina tofauti: mwanya milimita 1 juu ya ukingo wa mfupa, mwanya sawa na ukingo, na mwanya milimita 1 chini ya ukingo. Baadhi vilizikwa kwa miezi 3 kisha vikafunguliwa, vingine vikaachwa wazi tangu mwanzo. Picha zikapigwa kila mwezi.

Jambo ambalo mimi naliona la akili kuliko yote katika jaribio hilo ni kwamba vipandikizi havikufungwa meno. Mbwa hawakutafuna juu yake hata siku moja. Kama mfupa ungerudi nyuma, basi shinikizo la kutafuna lisingeweza kushtakiwa.

Mfupa ulirudi. Kwenye vipandikizi vya kipande kimoja ulitulia pale titani laini ilipokutana na ile ya kukwaruza, ukabaki hapo. Kwenye vile vya vipande viwili ulikimbia hadi takriban milimita 2 chini ya mwanya, popote mwanya ulipokuwa. Mwanya ulioachwa juu uliugharimu mfupa kidogo, uliowekwa sawa na ukingo ukaugharimu zaidi, na uliozamishwa ndani ukaugharimu kuliko yote. Saa pia ilisema kitu. Vile vilivyozikwa vilikaa na mfupa wao karibu salama kwa muda wote ufizi ulipokuwa umefungwa. Vilipofunguliwa na shingo kufungwa, mfupa ukaanza kushuka. Ile milimita 1.5 ya Göteborg ilikuwa imepata mzazi.

Watu wa San Antonio hawakuishia hapo. Walijiuliza kama kosa ni upana wa mwanya. Mwaka 2001 wakachapisha jaribio jingine ambamo mianya ilitengenezwa kwa makusudi: chini ya mikromita 10, mikromita 50, mikromita 100. Nusu ya shingo wakazichomelea kwa leza zisicheze hata kidogo, nusu wakazifunga kwa skrubu kama kawaida. Upana wa mwanya haukuleta tofauti kubwa. Kucheza ndiko kulikoleta. Shingo iliyochomelewa, hata ikiwa na mwanya mpana, ilihifadhi mfupa kuliko shingo iliyofungwa kwa skrubu ikiwa na mwanya mwembamba. Kisha Nina Broggini na wenzake, katika tafiti za mwaka 2003 na 2006, wakazihesabu chembe nyeupe za damu katika nyama inayouzunguka mwanya. Walikuta kundi la askari wa mstari wa mbele, wale wanaokimbilia maambukizi mapya, limekaa pale kwa kudumu, nao waliongezeka kadiri mwanya ulivyozamishwa chini zaidi. Kwenye vipandikizi vya kipande kimoja kundi la namna hiyo halikuwapo.

Ili kuelewa kwa nini mfupa unasimama milimita 2 hivi na si 5 wala 10, inabidi kurudi nyuma hadi mwaka 1961. Gargiulo, Wentz na Orban walipima meno ya maiti na kukuta kwamba kati ya shimo dogo la ufizi na ukingo wa mfupa kuna mkanda wa nyama wenye kimo kisichobadilika sana: milimita 0.97 za ngozi iliyojibandika kwenye jino na milimita 1.07 za nyuzi za nyama chini yake. Mkanda huo ndio kizibo kinachouzuia uchafu wa kinywa usifike mfupani. Tord Berglundh na Jan Lindhe wa Göteborg walionyesha kwamba kipandikizi nacho hujengewa kizibo chake, kirefu kidogo kuliko cha jino. Mwaka 1996 wakafanya jaribio ambalo naona halikupewa sifa yake kwa miaka mingi. Kwenye mbwa wa aina ya beagle waliupunguza ufizi upande mmoja wa taya ukawa na unene wa milimita 2 au pungufu, kabla ya kufunga shingo za vipandikizi. Upande ule mwingine wakauacha. Baada ya miezi 6 kizibo cha pande zote mbili kilikuwa na kimo kinachokaribiana. Upande mwembamba ulikuwa umekipata kwa kula mfupa.

Mtu atauliza basi, kwa nini daktari azamishe kipandikizi chini, akijua haya? Jibu liko kwenye meno ya mbele. Jino la mbele la juu lina shingo pana, pengine milimita 6 au 7, na limepinda kwa umbo lake. Kipandikizi ni mche wa duara wa milimita 4 hivi. Ukikiweka juujuu, jino la bandia litachomoza ghafla, na mgonjwa mwenye mdomo mfupi akicheka utaona metali ya kijivu kwenye ufizi. Kina humpa fundi nafasi ya kulitanua jino taratibu ndani ya nyama. Mwaka 2004 Buser, William Martin na Urs Belser waliandika mipaka ya usalama kwa eneo hilo: bega la kipandikizi likae takriban milimita 1 chini ya mstari ambapo taji la jino la jirani linakutana na mzizi wake. Likizidi kwenda chini, mfupa wa mbele, ambao aghalabu ni mwembamba sana, unashuka na ufizi unaufuata. Kile kilichofanywa kwa ajili ya urembo kinauharibu urembo.

Hasara haikuwa ya kwenda chini peke yake. Dennis Tarnow wa New York, mwaka 2000, alipima picha za wagonjwa 36 wenye vipandikizi viwili vilivyopakana na kukuta kwamba lile bakuli lina upana pia, milimita 1.3 hadi 1.4 kila upande. Vipandikizi vikipakana kwa milimita 3 au pungufu, mabakuli mawili yanakutana na kilele cha mfupa kati yake kinashuka zaidi ya mara mbili ya kile cha vipandikizi vilivyoachana vizuri.

Sasa twende Florida, ambako maarifa yalipatikana kwa upungufu wa vipuri. Mwaka 1991 kampuni ya Implant Innovations ya Palm Beach Gardens ilitoa vipandikizi vipana vya milimita 5 na 6, vya kutumika pale mfupa ulipokuwa dhaifu au kile chembamba kilipokataa kukaza. Shingo za upana huo hazikuwa zimetengenezwa bado. Madaktari wakafunga shingo za kawaida za milimita 4.1 juu ya vipandikizi vipana, jukwaa, yaani uso wa juu wa kipandikizi, likabaki wazi pembeni: milimita 0.45 kuzunguka kipandikizi cha 5, milimita 0.95 kuzunguka cha 6. Ilikuwa kazi ya kuungaunga. Miaka ikapita, picha zikapigwa, na mfupa ulikuwa haujashuka kama ilivyotarajiwa. Richard Lazzara na Stephan Porter walieleza mkasa huo kwa maandishi mwaka 2006: mwanya na jeshi lake la chembe nyeupe ulikuwa umesogezwa ndani, mbali na ukingo wa mfupa, na sehemu ya kizibo ikapata mahali pa kulala juu ya jukwaa badala ya kujichimbia chini. Leo kampuni karibu zote zinauza shingo iliyo nyembamba kuliko kipandikizi, na kuna daktari kijana asiyejua kwamba ilianza kwa kukosa vipuri.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuchukuliwa Ujerumani. Katika miaka ya 1980, Hubertus Nentwig na mhandisi Walter Moser walibuni kipandikizi cha Ankylos, ambacho shingo yake ni koni inayogandamizwa ndani ya koni, ikashikwa na msuguano hata isicheze. Wao hawakuogopa kukizamisha chini ya ukingo. Mfupa mara nyingi ulibaki juu ya bega lake. Kwa mtazamo wa mwaka 1985 hilo lilionekana kama ukaidi. Ukilisoma baada ya jaribio la shingo zilizochomelewa, linaeleweka.

Ingekuwa rahisi kufunga jalada hapo na kusema shida ilikuwa mwanya, ikatibiwa kwa koni na shingo nyembamba. Tomas Linkevičius wa Vilnius, Lithuania, aliharibu raha hiyo. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipandikizi 46 kwa wagonjwa 19. Kabla ya kupanda walipima unene wa ufizi juu ya mfupa. Palipokuwa na milimita 2 au chini, mfupa ulipotea hadi milimita 1.45 ndani ya mwaka mmoja, hata pale mwanya ulipoachwa juu ya mfupa. Penye ufizi mnene hasara ilikuwa ndogo sana. Mwaka uliofuata wakajaribu shingo nyembamba kwenye ufizi mwembamba, kwa wagonjwa wachache, na mfupa bado ukashuka. Lilikuwa lile jaribio la mbwa la mwaka 1996, sasa kwenye kinywa cha mtu.

Swali la kina likageuka. Zamani daktari aliangalia mfupa tu ndipo aamue azamishe kiasi gani. Sasa inambidi atie kipimo kwenye ufizi kwanza, aone milimita ngapi za nyama zipo, kisha aamue: ufizi ukiwa mwembamba, ama auneneshe kwa kupandikiza nyama, ama akizamishe kipandikizi ili kizibo kipate kimo chake bila kuuchimba mfupa. Lakini akikizamisha, shingo lazima iwe ndefu. Pablo Galindo-Moreno na wenzake wa Granada, Hispania, walionyesha mwaka 2014 kwamba shingo za chini ya milimita 2 zilifuatana na upotevu mkubwa wa mfupa kuliko zile ndefu. Na kina kina deni lake kwa fundi pia. Jino likigandishwa kwa saruji ya meno, saruji inayovuja chini ya ufizi inazidi kuwa ngumu kuondoa kadiri ukingo wa jino ulivyo chini. Mwaka 2009 Thomas Wilson wa Dallas alichungulia kwa kamera nyembamba chini ya fizi zilizokuwa na uvimbe kuzunguka vipandikizi, akakuta masalia ya saruji katika asilimia 81 ya vipandikizi hivyo.

Wakubwa wenyewe hawajakubaliana. Albrektsson, yule wa vigezo vya 1986, amekuwa akishikilia katika miaka ya karibuni kwamba sehemu kubwa ya upotevu wa mfupa ni mwili kujibu kitu kigeni, na bakteria hufika baadaye. Wataalamu wa fizi wengi wanamkatalia. Novemba 2017 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago kuandika uainishaji mpya wa magonjwa ya fizi, na safari hii vipandikizi vikapewa sura yake. Walikubali kwamba mfupa hujipanga upya mwanzoni, na kwamba baada ya hapo upungufu wowote wa ziada usihesabiwe kuwa wa kawaida. Wakashauri picha ya eksirei ipigwe na ufizi upimwe jino la bandia linapokamilika, hapo ndipo pawe mwanzo wa hesabu.

Kwa mgonjwa aliyekuja bila picha ya zamani waliweka kanuni ya dharura: ufizi unaotoa damu, shimo la milimita 6 au zaidi, na mfupa ulioko milimita 3 au zaidi chini ya sehemu ya juu kabisa ya kipandikizi iliyokusudiwa kuwa ndani ya mfupa. Kanuni hiyo inategemea kina cha siku ya kwanza, ambacho kwa mgonjwa huyo hakuna anayekijua. Kipandikizi kilichozamishwa milimita 2 chini ya ukingo kinaweza kupoteza milimita 4 za mfupa na picha ikaonyesha 2 tu, kikahesabiwa kizima. Kingine kilichoachwa kikichomoza milimita 2 tangu mwanzo kitaonekana mgonjwa baada ya kupoteza milimita 1.